Kabla Hujafungasha Begi la Mafia, Wajue Waliobeba Vita Kichwani

Safari ya Mafia ikishapangwa kwenye grupu la WhatsApp, kinachofuata kinajulikana. Watu saba, siku nne, boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, kuogelea na papa potwe, picha za Chole. Mmoja anauliza abebe taulo ngapi. Mwingine anataka pea tano za viatu. Wa tatu mchango hajatoa, ila ndiye mwenye maswali mengi kuliko wote. Jumamosi wote wanazama Kariakoo kusaka mabegi ya mgongoni, kandambili na fulana za mtumba.

Sasa chukua hii: jina la soko hilo lenyewe linatokana na watu wa kubeba mizigo. Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa Kiswahili, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, wapagazi waliwekewa kambi eneo hilo. Vita ikaisha, kambi ikaondoka, jina likabaki.

Na Mafia nayo imo kwenye stori hii. Septemba 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, maana ukitoka kisiwani delta iko ng'ambo tu. Wakatengeneza uwanja wa ndege, na Julai 11, 1915, ndege zikiwaelekeza wapiga mizinga kutoka juu, Königsberg ikaisha.

Ikaisha meli, mizinga haikuisha. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 na kuipeleka nchi kavu. Unadhani ilisafirije? Mamia ya watu waliikokota kwa kamba na mikono, porini na kwenye matope.

Pande zote mbili zilitegemea watu hivyo hivyo. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu.

Mpagazi alibeba takriban kilo 25: unga, risasi, mahema, sanduku la ofisa. Vitu vyake mwenyewe? Blanketi, vazi la kujisitiri, na kibati chenye namba yake. Basi. Hakuna aliyeuliza kuhusu pea ya pili ya viatu, kwa sababu wengi hata ya kwanza hawakuwa nayo.

Piga hesabu kidogo. Mtu amebeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, ameshakula kilo 20. Askari aliyeko mbele anapata kilo 5. Ndiyo maana kila jeshi lilivyosonga mbali, ndivyo lilivyohitaji wapagazi zaidi, na ndivyo chakula chao kilivyopunguzwa.

Hapo ndipo vitu vidogo vilipoamua nani arudi nyumbani. Sufuria zikiwa chache, unga haukuiva, na matumbo yaliyozoea ndizi au wali yakaharibika. Kuhara damu kukaua wengi. Blanketi likilowa mvua, nimonia ikafuata, na malaria ikamalizia. Risasi haikuwa muuaji mkuu wa wapagazi.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliopita kwenye kazi hiyo wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa karibu 100,000. Wengi hawakwenda kwa hiari. Na kwa wengi waliokufa, ujira wao haukuwafikia ndugu zao: jina liliandikwa vibaya, au kijiji hakikujulikana, au hakuna aliyejisumbua kutafuta.

Pita pale Posta, Dar, uitazame Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, tena yanawaita mikono na miguu ya jeshi. Lakini aliyesimama juu ameshika bunduki. Mwenye mzigo kichwani hakuwekwa pale juu.

Kwa hiyo washkaji mkikaa kufungasha, anzeni na walichokosa wale: kitu kikavu cha kujifunika usiku, chombo cha kupikia kinachotosha watu wote, maji salama na dawa ya kuhara. Viatu vya picha vitafuata, nafasi ikibaki. Na atakayezidiwa njiani, apunguziwe mzigo; kule hawakuwa na huo uchaguzi.

Halafu ukirudi nyumbani, muulize bibi au babu kama kuna mzee wa ukoo aliyewahi kupelekwa "kariakoo" akarudi, au hakurudi. Jina lake likipatikana, liandike. Soko limebeba jina la kikosi kwa zaidi ya miaka mia. Majina ya watu wenyewe hakuna aliyeyabeba.