Kabla hujang'oa migomba: historia ya kibanja kwa anayetaka bustani ya nyumbani Karagwe na Kyerwa



Swali ninaloulizwa sana siku hizi, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Kaisho, ni hili: "Nimemaliza kujenga, nataka bustani nzuri kuzunguka nyumba, nianzie wapi?" Mara nyingi muulizaji ameshaona picha za nyumba za Dar es Salaam zenye ukoka, pevingi na mitende ya maua, na ameshaita vijana waje wang'oe migomba. Nakuomba usubiri kidogo, usome kwanza historia hii. Itakusaidia kujua pesa yako iende wapi, na nini usikiguse.

Ninachotaka ukishike ni kimoja: bustani ya nyumbani hupangwa kwa kile unachoweza kuilisha kila mwaka, siyo kwa kile unachoweza kununua siku moja. Wazee wa hapa walilijua hilo, na kila walipolisahau au kulazimishwa kulisahau, bustani iliwaadhibu.

Kibanja kilikuwa bustani iliyopangwa

Tumezoea kusema kibanja ni shamba. Kitazame upya. Nyumba iko katikati, na mbele yake kuna uwanja uliofagiwa. Karibu na nyumba kuna migomba ya kupika, ile ya matoke kama Nchoncho, Nshakala, Ntobe na Nyoya, kwa sababu ndiko majivu, maganda na samadi vinakofika kwa urahisi. Migomba ya pombe huvumilia udongo hafifu, kwa hiyo mara nyingi ilisogezwa pembeni. Chini ya migomba kulikuwa na maharage, magimbi, maboga na viazi vikuu. Katikati ilisimama mibuni. Juu ya yote kulikuwa na miti michache iliyoachwa kwa makusudi: mshambya kwa nguzo na mbao, na mtoma kwa kivuli na kwa gome lililopondwa kuwa nguo. Mpakani ulipandwa mlamula, ambao kila jirani aliuheshimu.

Huo ni mpango wa bustani kamili: una ghorofa za mimea, njia, kivuli, uzio na sehemu ya kupokea wageni. Wachaga kule Kilimanjaro wana kihamba chao, na watu wa kisiwa cha Java huko Indonesia wana pekarangan, bustani zilizojengwa kwa akili ileile. Kwa hiyo hatuna sababu ya kudhani kwamba kupanga mazingira ya nyumba ni elimu iliyokuja na picha za simu.

Tena kila kibanja kilifuata ladha ya mwenyewe. Nyumba yenye wageni wengi ilikuwa na migomba mingi ya pombe. Yenye watoto wengi ilikuwa na ndizi za kuivisha karibu na mlango. Ukipita vijiji viwili leo utaona bado hakuna vibanja viwili vinavyofanana.

Bajeti ya wakati huo ilikuwa samadi

John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika huko Bweranyange, Novemba 1861, walikuta ufalme wa Karagwe wenye sifa ya ng'ombe wengi, na walikaribishwa kwa pombe ya ndizi. Vitu hivyo viwili, ng'ombe na ndizi, vilikwenda pamoja. Ng'ombe walikula majani ya rweya, yaani mbuga za nyasi, wakarudi jioni na kuacha samadi nyumbani. Nyasi nyingine zilikatwa rweya na kuletwa kibanjani kama matandazo. Kwa maneno mengine, rutuba ya eneo kubwa la rweya ilikuwa ikihamishwa kidogo kidogo kwenda kwenye eneo dogo linalozunguka nyumba, mwaka hadi mwaka, kizazi hadi kizazi.

Ukitaka kuona jambo hili, usinisikilize mimi, chukua jembe. Chimba shimo la sentimita 30 kwenye kibanja cha zamani, kisha chimba jingine kama hilo kwenye rweya iliyo jirani. Linganisha rangi, harufu na minyoo. Udongo mweusi wa kibanja haukushuka kutoka mbinguni. Umetengenezwa na mikono ya watu ambao baadhi yao wamezikwa humohumo.

Kisha bajeti ikakatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iliyoenea Afrika Mashariki yote iliua mifugo kwa wingi, na Karagwe haikusalimika. Nyumba iliyopoteza ng'ombe ilipoteza maziwa na mahari, na ilipoteza pia mbolea. Mpaka leo kanuni ni ileile: kaya isiyo na mfugo wala mboji, kibanja chake hushuka taratibu. Mikungu huwa midogo, fukusi na minyoo fundo hupata nafasi, na mwisho mwenye nyumba husema "ardhi imechoka". Ardhi haijachoka, ina njaa.

Kahawa, kanuni na mwenye nyumba asiyesikilizwa

Robusta siyo mgeni hapa. Kabla ya kuwa zao la biashara, buni zilichemshwa na majani ya harufu, zikakaushwa na kutafunwa, na mgeni alipewa kama heshima. Chini ya Wajerumani, na zaidi chini ya Waingereza katika miaka ya 1920, kahawa ikawa zao la fedha na mibuni ikaongezeka vibanjani.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kumpangia mwenye nyumba. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba waliandamana kupinga kanuni za kahawa zilizowaelekeza namna ya kuitunza. Serikali iliona kibanja kama shamba la kahawa lenye migomba iliyozidi. Mwenye nyumba alikiona kama chakula chake chenye kahawa ya kumpa fedha. Wote wawili walikuwa wakitazama mahali pamoja, lakini aliyekula pale alikuwa mmoja tu.

Somo hili ni letu maafisa ugani, na ni la fundi yeyote wa bustani. Mpango mzuri kwenye karatasi ambao haukumuuliza mwenye nyumba anakula nini, nani atamwagilia na nani atafagia, hautadumu.

Kuna somo la pili la zama hizo. Mkoani kwetu, hasa Buhaya, kulikuwa na nyarubanja, ambapo mtu alilima kibanja cha bwana na kumtumikia. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanza kuwapa wapangaji hao haki ya ardhi waliyoilima. Fikiria: mtu asiye na uhakika wa kubaki atapandaje mti wa miaka 30? Nawe jiulize hivyo leo. Kama nyumba ni ya kupanga, au kama kiwanja bado kina mazungumzo ya ukoo, weka pesa yako kwenye maua ya ndoo, mboga na mimea ya muda mfupi. Miti na pevingi visubiri.

Migomba mipya na neno "ladha"

Mwishoni mwa miaka ya 1990, fukusi, minyoo fundo na uchovu wa udongo vilipokuwa vimebana, mkoa wa Kagera ulipokea aina mpya za migomba kama FHIA-17, FHIA-23 na Yangambi Km5. Zilizaa mikungu mikubwa na kuvumilia magonjwa. Hata hivyo familia nyingi zilisema kwa kupika hazifiki matoke yetu, zikazitumia zaidi kwa kuivisha na kwa pombe. Hakuna aliyekosea. Mtafiti alipima kilo, mama wa nyumba alipima sufuria. Bustani ikawa na vyote viwili: mpya pembeni kwa ajili ya soko, ya asili karibu na jiko.

Kisha, mwaka 2006, mnyauko bakteria, ambao wengi tunauita unyanjano, ukabainika mkoani kwetu. Hili linakuhusu moja kwa moja wewe unayetaka kutengeneza bustani. Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na huenezwa pia na panga. Fundi anayepogoa kwa jirani asubuhi na kuja kwako mchana na panga lilelile anaweza kukuletea hasara ya kibanja kizima. Asianze kazi kabla hajachoma makali ya panga kwenye moto au kuyasafisha kwa jiki. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokeza. Machipukizi yasiyojulikana yalikotoka yasiingie kwako, hata kama ni zawadi.

Sasa panga ya kwako

Anza na daftari, siyo na jembe. Pima kiwanja kwa hatua, chora nyumba, choo, kisima, njia ya gari na makaburi. Ndiyo, makaburi. Hapa kwetu wazee wamelala kibanjani. Ulizia kabla hujachimba, ili bustani yako isianze kwa ugomvi wa ukoo. Kisha andika kila mgomba, mbuni na mti uliopo. Hivyo tayari ni mali yako.

Halafu piga hesabu ya maji, maana ndipo wengi wanapokwama. Ukoka ukitaka ubaki wa kijani Juni hadi Agosti unahitaji takribani lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Eneo la mita 10 kwa 10 ni lita 400 hadi 500, yaani madumu 20 hadi 25 ya lita 20, kila siku, kwa miezi mitatu. Nani atayabeba? Kwa upande mwingine, paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,200. Kwa hiyo mfereji wa bati na tangi ni sehemu ya bustani, na vitangulie maua.

*Kama bajeti ni ndogo:* usinunue mmea wowote mwaka wa kwanza. Safisha kilichopo. Kila shina la mgomba libaki na watatu: mama, mtoto na mjukuu. Ondoa majani makavu, weka matandazo ya unene wa sentimita 10 bila kugusa shina. Panga mawe kwenye njia ya miguu. Maua ya vipandikizi omba kwa majirani, na mpakani panda mlamula. Utashangaa nyumba ilivyobadilika.

*Kama bajeti ni ya wastani:* weka mfereji wa bati na tangi, kisha shimo la mboji. Ongeza matuta mawili ya mboga karibu na jiko, parachichi moja au mbili za kubebeshwa, na benchi chini ya kivuli. Ukipanda migomba au robusta mipya, nafasi ya mita 3 kwa 3 na shimo la sentimita 60 kila upande, lenye samadi iliyoiva, ni mwanzo mzuri. Miti mikubwa kama mtoma iwe mbali na msingi wa nyumba.

*Kama una nafasi zaidi:* pevingi ziwekwe pale gari linapopita tu, kwa sababu kila mita unayoifunika hainywi tena mvua, na maji yake yataenda kuchimba korongo kwa jirani. Ukoka uwe kipande kidogo kinachoonekana kutoka barazani. Upande wa nyuma na pembeni acha kibanja kiendelee, kipogolewe vizuri, kiwe ndiyo ukuta wako wa kijani. Kama lazima uchimbe msingi kwenye udongo mweusi, usiutupe barabarani. Kusanya ule wa juu, usambaze kwenye matuta ya maua na mboga.

Na kwa bajeti yoyote ile, andika mstari mmoja wa mwisho kwenye daftari: "Chakula cha bustani kwa mwaka." Hapo weka samadi, mboji, matandazo na siku za kazi. Ukishindwa kuujaza mstari huo, punguza eneo la bustani mpaka uweze.

Unayetaka ukoka na waridi sikulaumu, kwani ladha ni haki ya mwenye nyumba, na historia ya kibanja inaonyesha hivyo. Ninachokuomba ni kutofuta kwa siku mbili za vibarua udongo uliochukua vizazi kuutengeneza. Pevingi unaweza kuzinunua mwakani. Udongo ule hauuzwi dukani.

Ukikwama kwenye mchoro wako, mwite afisa ugani wa kata yako autazame kabla vijana hawajashika majembe.