Mbwa mwenye pua iliyoziba: Usikimbilie kusema ni mzio

MBWA anapoanza kukoroma akiwa macho, kuhema kwa shida au kutokwa na kamasi puani, wazo la kwanza linalomjia mwenye mbwa ni kwamba mnyama wake ameshikwa na mafua au ana mzio wa vumbi. Hatua inayofuata, kwa bahati mbaya, mara nyingi huwa ni kufungua kabati la dawa za nyumbani na kumpa kidonge kile kile kinachomsaidia binadamu.

Wazo hilo huweza kumpotosha mfugaji, na kidonge hicho huweza kumuua mbwa.

Kwa binadamu, mzio wa vumbi au wa chavua za maua huonekana zaidi puani na machoni: chafya, kamasi nyepesi na macho kuwasha. Kwa mbwa, mzio wa namna hiyo hiyo huonekana zaidi kwenye ngozi. Mnyama hujikuna, hulamba na kutafuna nyayo zake, husugua uso kwenye zulia, masikio huwa mekundu na kutoa harufu, na ngozi ya tumbo na ya makwapa hubadilika rangi. Wapo mbwa wenye mzio ambao pia hupiga chafya na kutokwa machozi, lakini si kawaida pua peke yake kuathirika huku ngozi ikibaki salama.

Kwa sababu hiyo, mbwa ambaye pua yake imeziba lakini hajikuni achukuliwe kwanza kuwa ana tatizo jingine, hadi daktari wa mifugo atakapothibitisha vinginevyo.

Hesabu pumzi kabla ya jambo lolote

Kabla ya kuhangaika, mfugaji ahesabu pumzi za mbwa wake akiwa amelala au ametulia. Kifua kupanda na kushuka huhesabiwa kuwa pumzi moja. Mbwa mzima mwenye afya huvuta pumzi kati ya 10 na 30 kwa dakika. Idadi inayozidi 30 usingizini, siku baada ya siku, ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, hivyo mbwa anayehisiwa kuwa na joto kuliko mkono wa binadamu si lazima awe na homa.

Ikumbukwe pia kwamba mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hupunguza joto kwa kutweta huku ulimi ukiwa nje. Mchana wa joto jijini Dar es Salaam au Mombasa, kutweta baada ya kukimbia ni jambo la kawaida. Kutweta kusiko na sababu, usiku wa baridi au akiwa amelala, si kawaida.

Mbwa wenye uso mfupi, kama Pug, Bulldog na Boxer, wana matatizo ya kimaumbile. Matundu ya pua zao ni membamba na nyama laini ya kaakaa ni ndefu kupita kiasi, hivyo hukoroma hata wakiwa wazima. Mazoea hayo yasimfanye mfugaji aone kila mkoromo kuwa wa kawaida. Wanyama hao hulemewa na joto upesi kuliko wengine, na wengine huhitaji upasuaji wa kupanua njia ya hewa.

Lipo pia tukio linalowatisha wengi: mbwa husimama ghafla, hunyoosha shingo na kuvuta hewa ndani kwa nguvu mfululizo, kwa sauti kama ya kukoroma, kisha baada ya sekunde kadhaa hurudia hali yake. Hiyo ni chafya ya kinyume, na ikitokea mara moja moja haina madhara.

Mambo yanayofanana na mzio

Chafya nyingi zinazoanza ghafla, mbwa akisugua upande mmoja wa pua, huashiria kuwa kuna kitu kimeingia ndani, kama vile mbegu ya nyasi. Kamasi au damu inayotoka tundu moja tu kwa majuma kadhaa, hasa kwa mbwa mzee, huweza kutokana na uvimbe, fangasi au jino la juu lililooza hadi kwenye mzizi.

Damu ya pua ina maana nyingine muhimu katika mazingira yetu. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye huweza kuzaliana ndani ya banda na hata ndani ya nyumba, hueneza ugonjwa wa ehrlichia. Ugonjwa huo hupunguza chembe zinazogandisha damu, na dalili zake ni pamoja na homa, kukonda, ufizi kupauka na damu kutoka puani. Ukigunduliwa mapema hutibika kwa dawa za daktari.

Kikohozi kikavu kinachosikika kana kwamba kuna kitu kimekwama kooni, na kinachoanza siku chache baada ya mbwa kuchangamana na wenzake, huenda ni kikohozi cha kuambukiza. Kwa mbwa mdogo ambaye hajachanjwa, kamasi nzito za pua na macho pamoja na homa na kuhara huashiria distempa, ugonjwa wa virusi ambao baadaye hushambulia ubongo na kuleta degedege. Hauna dawa ya kuua virusi hivyo. Kinga yake ni chanjo, inayoanza katika umri wa majuma sita hadi manane na kurudiwa kila baada ya majuma matatu hadi manne mpaka mtoto wa mbwa afikishe majuma 16. Kwa mbwa mzee, kikohozi cha usiku na kuchoka upesi huweza kuwa dalili ya moyo dhaifu.

Hapa pana onyo ambalo halipaswi kupuuzwa. Mbwa ambaye sauti yake imebadilika, anatokwa na mate mengi na anashindwa kumeza, huonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Huenda ana kichaa cha mbwa. Usiingize mkono kinywani mwake. Mtenge na watu na wanyama wengine, kisha mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa, au ambaye mate ya mbwa huyo yamegusa jeraha lake, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ikiwa kweli ni mzio

Mzio wa vitu vilivyomo hewani au kwenye vumbi la nyumbani huanza mara nyingi mbwa akiwa na umri kati ya miezi sita na miaka mitatu. Kabla ya kuulaumu, viroboto wadhibitiwe kwanza, kwani kwa mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto, kuumwa mara chache tu hutosha kumwasha mwili mzima. Wanyama wote wa nyumba watibiwe kwa pamoja, ila dawa ya mbwa yenye pemetrini isipakwe paka, huweza kumuua.

Mzio wa chakula hauthibitishwi kwa kubahatisha. Mbwa aliyezoea ugali na utumbo wa ng'ombe hupewa kwa majuma manane nyama ambayo hajawahi kuionja, kwa mfano ya sungura, pamoja na chakula cha wanga ambacho pia hajakizoea, bila kipande kingine chochote kutoka mezani. Nafuu ikipatikana, chakula cha zamani hurudishwa. Muwasho ukirudi, jibu limepatikana. Mtoto anayemrushia mbwa mfupa kwa huruma katika juma la sita huvuruga kipimo chote.

Hata kwa mbwa asiye na mzio, hewa chafu huwasha njia ya pumzi. Moshi wa sigara, wa jiko la mkaa na wa dawa ya mbu ya kuchoma, pamoja na manukato ya kupuliza, viwe mbali na mahali anapolala. Matandiko yafuliwe kila juma kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, na mkanda wa kifuani utumike badala ya ule wa shingoni.

Yanayofaa na yasiyofaa nyumbani

Kwa mbwa aliyeziba pua kidogo, lakini anakula, anacheza na pumzi zake ni za kawaida, futa pua kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu. Mpe maji safi muda wote na chakula kilichopashwa moto kidogo ili asikie harufu yake, kwani mbwa asiyenusa hukataa kula. Anaweza pia kukaa nawe bafuni penye mvuke kwa dakika 10 hadi 15, maji ya moto yakiwa mahali asipofikia. Mbwa wa uso mfupi au anayehangaika kupumua asiwekwe kwenye mvuke, maana joto humzidishia mzigo.

Usimpe parasetamoli, ibuprofeni wala diklofenaki. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini, na matone ya kuzibua pua ya binadamu, huweza kuvuruga moyo wa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi na bazoka zina utamu wa bandia ambao pakiti huuandika xylitol. Huo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kuharibu ini. Dawa za kupaka zenye kafuri zisipakwe kifuani mwake, kwani atazilamba.

Predinisoloni, inayotumika kutuliza mzio, nayo isitolewe bila daktari. Humfanya mbwa aonekane amepona kwa siku chache, wakati fangasi au maambukizi ya mapafu yakipata nafasi ya kusambaa.

Usisubiri asubuhi

Mbwa anayepumua kwa tumbo akiwa amenyoosha shingo na kutanua viwiko, asiyeweza kulala chini, mwenye pumzi zaidi ya 40 kwa dakika akiwa ametulia, au ambaye ufizi na ulimi vimekuwa vya buluu, kijivu au vyeupe, ni mgonjwa wa dharura. Vivyo hivyo kwa mbwa aliyevimba uso baada ya kuumwa na nyuki kisha akaanza kutapika au kulegea. Asifungwe mdomo, asilazimishwe kunywa maji, na asafirishwe kwenye gari lenye hewa ya kutosha.

Daktari atamsaidia upesi zaidi mfugaji aliyeandika siku tatizo lilipoanza, tundu la pua linalotoa kamasi, rangi ya kamasi hizo, tarehe za chanjo na dawa zote ambazo mbwa amekwisha kupewa. Picha ya video ya simu inayoonyesha namna anavyohema nyumbani ina thamani kubwa, kwa kuwa mbwa wengi huacha kukohoa mara wanapofikishwa kwa daktari. Na kama alikwisha kupewa kidonge cha binadamu, lisemwe hilo kabla ya mengine yote.