Chumvi Iliyokaidi: Chimbuko la Dhana ya Myeyusho Kamilifu

Vitabu vya kiada huianza mada ya myeyusho kamilifu kwa fasili: ni ule ambao kanieneo ya mvuke ya kila kijenzi ni zao la sehemu yake ya moli na kanieneo yake kikiwa peke yake. Mpangilio huo unafaa darasani, lakini unapindua mfuatano wa historia. François-Marie Raoult, profesa wa kemia mjini Grenoble, Ufaransa, hakuanza na fasili. Alianza na kipimajoto.

Mwaka 1882 alichapisha vipimo vya kuganda kwa maji yaliyoyeyushiwa dutu za kikaboni. Sukari na alkoholi, ingawa hazifanani kwa tabia, zilishusha kiwango cha kuganda kwa kadiri inayokaribiana sana: takriban nyuzi 1.86 za Selsiasi kwa moli moja katika kilo moja ya maji. Kilichotawala, basi, ni idadi ya chembe, si aina yake. Mwaka 1887 ikafuata kanuni ya kanieneo ya mvuke, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Chumvi ya mezani, hata hivyo, ilikaidi. Iliteremsha kiwango hicho karibu maradufu. J. H. van 't Hoff, aliyekuwa Amsterdam, aliingiza katika mlinganyo wake wa kanieneo ya osmosisi kizidishi kilichoandikwa *i*. Kizidishi hicho kilisahihisha hesabu bila kueleza sababu. Maelezo yalitoka kwa Svante Arrhenius, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1884 ilikuwa imepewa alama ya chini huko Uppsala: chumvi ikiyeyuka hutengana kuwa ioni, hivyo moli moja huhesabika kama mbili. Makala za wawili hao zilitoka mwaka 1887 katika juzuu moja, ile ya kwanza ya jarida la kemia ya fizikia lililoanzishwa Leipzig. Ni vigumu kuona jinsi ukaidi huo ungetambuliwa kama Raoult asingekwisha kuonyesha utii ulivyo.

Mwaka 1900, Jan von Zawidzki alipima mvuke wa michanganyiko ya vimiminika viwili. Benzeni na kloridi ya ethilini zilifuata kanuni kwa ukaribu mkubwa. Asetoni na klorofomu zilitoa mvuke pungufu. Upungufu huo sasa huelezwa kwa bondi ya hidrojeni kati ya molekuli zake, dhana ambayo Zawidzki hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mchirizo uliopinda chini ya mstari ulionyooka.