Jina la babake mtu

Wasee, Jumamosi nilikuwa Nyahururu. Nilipiga picha kama mia hivi pale kwa maporomoko. Moja tu ndiyo ilitoka poa, zingine zote manyunyu yalijaa kwa kioo. Kuiposti, simu ikaniandikia "Thomson's Falls". Thomson gani? Joseph Thomson, Mskoti, alipita hapa 1883 akiwa na miaka 25, akayapa maporomoko jina la babake. Babake, manze! Na Wamaasai walikuwa washauita mto wenyewe Ewaso Narok, yaani mto mweusi. Mji nao ulibebeshwa jina hilohilo miaka mingi kabla uwe Nyahururu. Shosho bado huuita "Tomson". Mimi nimelifuta. Picha yangu imeandikwa: Ewaso Narok, mita 74.