Makaburi Katikati ya Shamba

Mwaka 2007 nilikuwa nikitunza seva ya saiba moja mjini Nakuru. Kila baada ya wiki tatu hivi mtandao ulikatika, na logi ilileta lalamiko lilelile: kiini cha Linux kimeshindwa kupata kurasa 8 za kumbukumbu zinazofuatana. Kurasa 8 ni kilobaiti 32 tu. Nikiangalia, naona megabaiti zaidi ya 60 ziko huru. Nikamwambia mdosi, "Memori iko, bana, shida ni kitu kingine." Ilipokatika mara ya nne, alinikata mshahara wa wiki nzima.

Nilikuja kuelewa nikiwa nyumbani, kwenye kikao cha shamba la babu. Ardhi ilikuwepo ya kutosha. Lakini mnunuzi alitaka ekari mbili zilizoshikana, na kila kipande kizuri kilikuwa na kaburi katikati. Nikajisemea, kumbe seva yangu ndiyo hii.

Tatizo hili ni la zamani kuliko Linux. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, ilikata kumbukumbu kuwa kurasa zinazolingana, hivyo programu ikadhani imepewa eneo moja refu ilhali kurasa zake zimetawanyika kotekote. Programu zikapona. Kiini chenyewe hakikupona kabisa, kwa sababu vifaa vingine, kama kadi ya mtandao, huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu halisi, na havijui hiyo hadaa.

Mwaka 1965 Kenneth Knowlton wa Bell Labs alichapisha njia ambayo Linux inaitumia hadi leo. (Harry Markowitz, yule aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1990, alikuwa ameshaitumia mwaka 1963.) Ukitaka kipande kidogo, kikubwa hukatwa nusu, na nusu hukatwa tena, mpaka kitoshe. Vipande viwili vilivyotoka pamoja ni mapacha. Pacha akirudishwa, mwenzake naye akiwa huru, wanaungana papo hapo. Na kumtafuta ni kugeuza biti moja tu ya anwani. Ila kipande hakiwezi kuungana na jirani wa upande wa pili, hata kama yuko huru. Lazima awe pacha wake. Wanaojua kesi za urithi hawatashangaa.

Njia hiyo huenda kasi, lakini haina dawa ya kaburi. Ukurasa mmoja tu wa kiini, ukikaa katikati ya eneo la megabaiti 4, unazuia kurasa 1024 zisiungane. Ukurasa wa programu unaweza kuhamishwa, kisha ramani ikarekebishwa bila mwenyewe kujua. Ule wa kiini hauhamiki, maana kiini kinautumia kwa anwani yake halisi.

Hapo ndipo Mel Gorman, kijana wa Ireland, alipoleta wazo ambalo mzee yeyote wa kijiji angelitoa bure: makaburi yote yawekwe kona moja. Kurasa zisizohamika zipewe maeneo yao, zinazohamika yao. Mwaka 2005 Linus Torvalds mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolipinga. Gorman hakuchoka, na wazo likaingia kwenye toleo la 2.6.24, Januari 2008. Nami nilikuwa nimeshafutwa kazi, ati!

Miaka miwili baadaye, katika 2.6.35, likafuata la pili: kuhamisha wapangaji. Mpimaji mmoja hutembea kutoka chini akikusanya kurasa zinazohamika, mwingine hushuka kutoka juu akitafuta nafasi tupu, mpaka wakutane. Nyuma yao hubaki uwanja mpana. Kazi hiyo hula muda wa prosesa, na inafaa tu ikiwa makaburi yamepangwa tangu mwanzo.

Siku hizi nikiingia kwenye seva yoyote huchungulia kwanza /proc/buddyinfo. Kushoto kuna hesabu ya vipande vidogo, kulia vikubwa. Kushoto kukijaa na kulia kukiwa sufuri, siongei tena habari ya "memori iko".

Shamba la babu halijauzwa. Kaburi la shangazi liko palepale, kando ya mparachichi.