Cinnamon (mazingira ya eneokazi)

Cinnamon ni mazingira ya eneokazi ya kompyuta za Linux, yaliyoanzishwa mwaka 2011 na Clement Lefebvre, mwasisi wa Linux Mint. Mwaka huo GNOME 3, mazingira mengine ya eneokazi ya Linux, ilikuwa imeondoa menyu ya kawaida na ukanda wa chini unaoonyesha madirisha yaliyofunguliwa, na watumiaji wengi walilalamika. Cinnamon ilivirudisha: menyu kwenye kona ya kushoto, saa kulia, madirisha kati yake. Kwa hiyo aliyezoea Windows huanza kazi bila kufundishwa upya, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2013, haihitaji tena GNOME iwe imesakinishwa. Ugumu unaobaki kwa mtumiaji wa kawaida hutokana zaidi na vifaa, hasa printa na kadi za Wi-Fi ambazo watengenezaji hawakuziandalia programu endeshi za Linux.