Utando, si ngozi

Vitabu vya baiolojia husema "utando wa seli", ingawa darasani bado utasikia "ngozi ya seli". Mimi niko upande wa vitabu. Neno limetokana na kutanda: ndio ule utando wa maziwa yaliyopoa sufuriani, ambao ukiusukuma kwa kijiko hujikunja na kugandana. Ngozi haina tabia hiyo.

Ndani ya seli tando huungana kila wakati, ila si ovyo. Kundi la protini sita liitwalo HOPS hushika vifuko viwili na kuvisogeza karibu. Kisha protini za SNARE, zilizopachikwa katika kila utando, husokotana hadi tando mbili ziwe moja. Hivyo ndivyo lisosomu, kifuko cha vimeng'enya, inavyopata cha kumeng'enya.

Wakazi wa Waithaka wana jirani anayeyajua haya. ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, iko Kabete, karibu na Uthiru. Mtangulizi wake, ILRAD, ilianzishwa 1973 na kuchunguza ndigana kali, maradhi ya ng'ombe yanayoenezwa na kupe. Kimelea chake, Theileria parva, kikiingia katika seli nyeupe ya damu hufunikwa na utando wa seli hiyo. Lisosomu ikiungana nao, kimekwisha! Basi kimelea huuyeyusha utando huo upesi, kikabaki huru ndani ya seli. Pasipo utando, lisosomu haina cha kuungana nacho.